Dalali na Karani Wake: Neno juu ya Minada ya Simu katika Arua na Koboko

Mtu aingiaye Arua ya Uganda kwa njia ya Nebbi, akaupita uwanja wa gofu uliokaa katikati ya mji kama mkeka uliotandikwa wageni wakachelewa, kisha akaishika barabara ya lami iendayo Koboko, hatakwenda mbali kabla ya kuyaona maduka ya vipuri ambayo mbele yake injini, giaboksi, milango na taa za motokaa zimepangwa juu ya magunia yaliyolowa oili, kila kimoja kikilingoja gari lililopungukiwa nacho. Katika duka mojawapo nina desturi ya kukaa jioni, kwa sababu mwenye duka ni kijana wa adabu, na chai yake haina ubahili wa tangawizi. Juu ya meza yake kuna vitu viwili ambavyo kwa muda mrefu nilividhania kuwa ni ndugu, nikaja kutambua baadaye kwamba havijuani hata kwa salamu: daftari la kurasa mia mbili, ambalo jalada lake limegeuka rangi kwa mafuta ya mikono, na simu yenye ufa katika kioo. Ndani ya daftari mna mali, madeni na majina ya wateja; ndani ya simu mna mnada.

Mnada huo hauna nyundo wala jukwaa. Mara moja kwa juma kijana huyu huvipiga picha vipuri vitano au sita, akavitia katika kundi la WhatsApp lenye wanunuzi wa Arua, wa Koboko, wa Yumbe, wa Ariwara iliyo ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na wa Yei katika Sudani Kusini. Akataja bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Na tangu hapo madau hupanda, huyu akiongeza elfu kumi na yule elfu ishirini, hata ifikapo saa tatu ya usiku yeye huandika neno moja, "Imekwenda," na jina la aliyeshinda. Wenyeji wa huku hawakushangazwa na jambo hili, maana hata magulio yetu ya kila juma vijijini tuliyazoea zamani kuyaita kwa jina la mnada.

Usiku mmoja giaboksi ya motokaa ya Noah "ilikwenda" kwa mtu wa Koboko. Asubuhi yake, mdogo wa mwenye duka, aliyekuwa pale peke yake, aliiuza giaboksi ile ile kwa Mkongo aliyekuja na fedha taslimu jua halijapanda. Hakutenda hila yoyote: alilifungua daftari, akaiona giaboksi haijapigwa mstari, akauza kama alivyofundishwa. Ilipotimu saa tano mtu wa Koboko alishuka katika taksi, ana gunia mkononi na kamba ya kufungia, na alipokwisha kuambiwa yaliyotokea hakupiga kelele, bali alinigeukia mimi niliyekuwa mzee pekee barazani, akaninyooshea simu yake.

"Mzee, soma mwenyewe. Nilishinda au sikushinda?"

"Ulishinda, mwanangu."

"Basi kitu changu kiko wapi?"

Hapakuwa na wa kujibu. Alirudishiwa arbuni aliyokuwa ameituma kwa simu, akapewa na nauli ya kwenda na kurudi. Lakini kabla hajapanda taksi alijitoa katika kundi, na wale walioliona jina lake likitoweka waliuliza sababu, wakaipata.

Nimelifikiri tukio hilo siku nyingi, na kila nikilipima huona kwamba kosa halikuwa la ndugu mkubwa wala la mdogo, kwa kuwa kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya chombo alichokishika: simu ilijua kuwa giaboksi imeuzwa, na daftari lilijua kuwa giaboksi ipo. Aliyekosekana baina yao ni mtu wa tatu, ambaye katika mnada ulio kamili huketi karibu na dalali, haimbi wala hanadi, hatazamwi na mtu, na pasipo yeye sauti ya dalali hupotea hewani. Mtu huyo ni karani. Dalali hutangaza, karani huandika; dalali hutafuta bei, karani hutafuta nani alipe, lini, na mzigo uende wapi. Simu zetu zimempa kila mwenye duka sauti ya dalali isikikayo hata Yei, nazo hazikumpa karani.

Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wangu alikuwa na mali na alikuwa na daftari. Methali haikutuambia habari ya mali yenye madaftari mawili, ambayo nayo hupotea, na habari yake husambaa mji mzima.

Si jambo geni katika ustaarabu wetu kwamba mnada na maandishi viende pamoja. Mafakihi huuita mnada bai ya muzayada, yaani biashara ya kuzidishiana, nao waliihalalisha. Lakini dini iyo hiyo iliyohalalisha kuzidishiana iliagiza, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, kwamba deni la muda liandikwe, na karani aliandike kwa uadilifu. Tena mnada uliofungwa usiku, ambao mshindi wake atalipa kesho na kuchukua mzigo kesho kutwa, ni deni la pande mbili: mnunuzi ana deni la fedha, na mwuzaji ana deni la giaboksi.

Katika lugha ya wafanyao biashara kwa kompyuta, karani huyo huitwa programu ya kusimamia oda. Kazi yake ni kushika, kwa kila kitu kilichouzwa, nani amekinunua, kwa bei gani, amelipa kiasi gani, kimefungwa au bado, kimepakiwa katika gari lipi, kimepokewa na nani. Na kwa kila kitu kisichouzwa, kiko ghala gani na kimeahidiwa nani. Kuuunganisha mnada wa mtandao na programu hiyo maana yake ni kwamba neno "Imekwenda" lisibaki kuwa neno, bali papo hapo lifungue oda, liizuie bidhaa isiuzwe kwa mwingine, limpelekee mshindi ankara, na lingoje malipo. Wenye maduka makubwa ya dunia walijifunza hayo mapema. Mnada ule ulioanzishwa Marekani mnamo Septemba 1995 na Pierre Omidyar, ambao sasa twaujua kwa jina la eBay, inasimuliwa kwamba kitu chake cha kwanza kuuzwa kilikuwa tochi ya leza iliyovunjika, iliyopata dola 14.83, na kwa kitu kimoja cha namna hiyo hapahitajiwi karani. Vitu vilipokuwa maelfu, na mtu mmoja akawa anauza mtandaoni na dukani kwa wakati mmoja, ndipo wauzaji walipoanza kulia kilio kile kile cha mtu wa Koboko.

Lakini nisiende Marekani kutafuta ithibati iliyopo mlangoni pangu. Motokaa nyingi zinazotupita hapa barabarani, Noah, Premio, Fielder na Hiace, zilipigwa mnada Japani kabla hazijalionja vumbi letu. Japani ndiko minada ya mbali ilikozaliwa mapema, kwa maana tangu 1985 kampuni ya Aucnet ilikuwa ikiuza motokaa kwa picha za televisheni, wanunuzi wakiwa kila mmoja katika ofisi yake. Na nyumba za minada za huko, ambazo kubwa kuliko zote ni USS, haziwafungulii mlango ila wanachama, hata mnunuzi wa Arua hana budi kununua kwa ulimi wa wakala. Mnada uanzao saa nne ya asubuhi kwao huwa saa kumi ya alfajiri kwetu, na nimewaona vijana wakiamka kabla ya adhana, wamejifunika shuka kwa baridi, nuru ya simu ikiwamulika nyuso, wanatazama bei ya gari wasilopata kuligusa ikipanda kwa yeni huku wao wakiipiga hesabu kwa dola na kuiogopa kwa shilingi.

Hapo nataka msomaji atue nami kidogo aitazame karatasi ya mnada, ambayo ni kitu cha kupendeza kwa mtu apendaye hesabu. Juu yake pana daraja la gari, mathalani 4 au 3.5, au herufi R kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Chini pana mchoro wa gari lililokunjuliwa kama ngozi ya mbuzi, umetapakaa herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni bati lililonyooshwa likabaki na wimbi, na tarakimu ifuatayo herufi hueleza ukubwa wa ila. Kando yake pana mwaka, nao hauandikwi kama tuandikavyo sisi, bali huhesabiwa kwa enzi za wafalme, hata H20 ikawa ni mwaka wa ishirini wa enzi ya Heisei, yaani 2008. Tena huo ni mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza, si wa kutengenezwa. Sasa, sheria ya Uganda ya 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka mmoja likasajiliwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata lina umri wa namna mbili katika hati zake, na mfanyabiashara ambaye programu yake huchukua mwaka wa mnada ikauweka katika oda bila kuuliza ni mwaka gani, huenda akalipa fedha za gari ambalo halitavuka mpaka wa Malaba. Kuunganisha mifumo, basi, si kumwaga maji ya mtungi huu katika mtungi ule. Ni kazi ya mkalimani, na mkalimani mbaya hugombanisha watu wasiokuwa na ugomvi.

Pamoja na hatari hizo zote, biashara ya motokaa hustahimili, na sababu ya kustahimili kwake ndiyo iliyonifungua macho. Gari lina namba ya chesisi. Namba hiyo imo katika karatasi ya mnada, imo katika hati ya kutoka Japani, imo katika hati ya shehena ya meli, imo katika maandishi ya forodha Mombasa, na hatimaye imo katika kadi ya usajili ya Uganda. Mawakala wasiojuana, wa lugha mbalimbali, katika mabara mawili, wote huliita gari moja kwa jina moja lisilobadilika. Gari hilo likivuka mpaka wa Oraba kuingia Kaya ya Sudani Kusini, ambako madereva huhama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, kila kitu chake hugeuka ila namba yake.

Giaboksi haina bahati hiyo. Kijana wangu huiita kwa Kilugbara anaposema na jirani, kwa Kiswahili anaposema na Mkongo, kwa Kiarabu cha Juba anapopigiwa simu na mtu wa Yei, na Wanubi wa Arua na Koboko huiita kwa Kinubi chao. Mmoja husema "ya Noah", mwingine husema "ile ya juzi", wa tatu hutuma picha na kidole. Utajiri huu wa ndimi ni fahari ya West Nile, mkoa wetu, nami singependa ndimi hizo zipungue hata mmoja. Ila mahali penye majina manne ya kitu kimoja, na vitu vinne vya jina moja, hapana karani awezaye kuandika, awe wa damu au wa umeme. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomshauri kijana halikumgharimu programu wala mtandao: achukue rangi nyeupe na brashi, aandike namba juu ya kila kipuri kiingiacho dukani, na namba iyo hiyo iandikwe katika daftari, iandikwe chini ya picha katika kundi, na iandikwe juu ya kifurushi siku ya kusafirishwa. Anayeanza kununua programu kabla ya kutia namba ananunua karani kisha anamficha orodha ya mali.

Namba ikishapatikana, yako mambo mengine ambayo mnada huyaleta na duka la kawaida haliyajui, na hayo ndiyo huzivunja oda nyingi. Mtu wa Koboko akishinda vitu vitatu kwa usiku mmoja, sheria ya Kiingereza ya uuzaji wa bidhaa ya 1893, iliyokuwa mama wa sheria za nchi zetu, ilihesabu kwamba kila fungu la mnada ni mkataba wake peke yake; lakini mteja mwenyewe anataka ankara moja, na dereva wa taksi anataka gunia moja na nauli moja. Programu iliyo njema huzishika hesabu zote mbili: mikataba mitatu ndani, gunia moja nje, hata kimoja kikirudishwa kwa ila, kile kimoja kitolewe katika hesabu bila kuvivuruga viwili vilivyobaki. Tena mtandao wetu hukatika katikati ya maneno, na habari ya ushindi ikitumwa, jibu lisirudi, itatumwa tena, programu pumbavu itafungua oda mbili, na yenye akili itaitazama namba ya mnada iseme, "Hii ninayo." Kadhalika yuko mshindi asiyelipa. Je, aliyemfuatia kwa dau apewe? Kwa bei gani? Baada ya saa ngapi? Hayo yakiamuliwa baada ya ugomvi huitwa upendeleo, na yakitangazwa kabla ya mnada huitwa kanuni. Karani wa kompyuta ana fadhila moja, kwamba hukulazimisha kuitangaza kanuni kabla, kwa sababu hawezi kubahatisha nia yako.

Liko na jambo la aibu kidogo, ambalo nalitaja kwa sababu ya haki. Katika makundi haya wamo watu wawekao madau wasiyokusudia kuyalipa, wengine ni marafiki wa mwuzaji walioagizwa kuipandisha bei, na tendo hilo lina jina la zamani katika fikihi, najshi, nalo limekatazwa. Mnada uliosimama peke yake hauwezi kumfichua mtu huyo, kwa kuwa dau lake linafanana na dau la mkweli. Mnada uliounganishwa na oda humfichua pasipo kumtafuta: jina lililoshinda mara kumi na halikuwahi kupokea hata kifurushi kimoja, linajishitaki lenyewe katika daftari. Kwa sababu hii wako wauzaji wasiotaka kuunganisha, na si kwa ajili ya gharama.

Wakubwa wa Afrika Mashariki wamekwisha kutangulia katika njia hii, nao hawakutangulia kwa uchawi. Mnada wa chai wa Mombasa, unaosimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki, ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, ukanadiwa kwa sauti kwa nusu karne, hata maradhi ya korona ya 2020 yalipoutoa chumbani ukaingia katika mtandao. Na chai ya Uganda hupigiwa dau humo pamoja na ya Kenya na ya Rwanda. Uliweza kuhama kwa sababu tangu zamani kila fungu la chai lilikuwa na namba, lina ghala lililotajwa, na lina siku ya malipo. Tanzania nako, korosho zimeuzwa katika mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX, tangu msimu wa 2024/25, na chini ya mnada huo pana msingi uliojengwa na sheria ya stakabadhi ghalani ya 2005: mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hupimwa, hupelekwa ghala kuu, mwenye ghala hutoa stakabadhi ya uzito na daraja, na kinachonadiwa ni kile kilichomo katika stakabadhi, si kile kinachosimuliwa. Mnunuzi hulipa benki, ndipo hupata idhini ya kutoa mzigo. Yamekuwako malalamiko juu ya mfumo huo, na mengine ni ya haki. Lakini sijasikia kwamba gunia moja la korosho za Mtwara liliuzwa usiku kwa mtu na asubuhi kwa mwingine kwa sababu ndugu wawili hawakuonana.

Nafahamu vyema atakalonijibu mfanyabiashara wa huku. Atasema kwamba daftari lililounganishwa ni daftari linaloonekana, na daftari linaloonekana hutozwa kodi. Hofu hii si ya kuchekwa. Nchi yetu ilikua juu ya mpaka. Arua iliwalea vijana waliojulikana kwa jina la OPEC Boys, waliouza petroli ya Kongo kwa madumu kando ya njia, na familia nyingi zilisomesha watoto kwa fedha ambazo hakuna karani aliyeziandika. Tangu Januari 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda imewataka wenye kutoza kodi ya ongezeko la thamani watoe ankara kwa mfumo wa EFRIS, na Aprili 2024 wenye maduka wa Kampala walifunga milango yao kuupinga. Mimi nasema maneno mawili tu. Kwanza, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki kiwango kilichowekwa na sheria halazimiki kusajiliwa katika kodi hiyo, na wengi wanaoiogopa hawakuwahi kupiga hesabu wakajua kama inawahusu, kwa sababu hawana daftari la kupigia hesabu. Pili, yule inayemhusu atapata taabu maradufu akiandika oda mara moja kwa ajili yake na mara ya pili kwa ajili ya mamlaka, ilhali EFRIS inaruhusu programu ya mfanyabiashara isemezane nayo moja kwa moja. Mamlaka nayo ina deni: iuteremshe mlango huo uwe wa kimo cha duka la Koboko, maana leo uko kimo cha viwanda vya Kampala, na ifundishe kabla ya kutoza faini.

Atasema pia kwamba umeme na mtandao havina ahadi, na hapo nitanyamaza kwanza, kwa sababu ni kweli. Kwa miaka mingi West Nile iliishi mbali na gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na maporomoko madogo ya Nyagak, na mwaka 2024 ndipo nyaya za taifa zilipotufikia. Na Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Programu iliyotungwa London au Bangalore, mahali ambapo mtandao ni kama hewa, huja hapa ikafanya jambo la ajabu: mtandao ukikatika hukataa kufunguka, yaani karani huenda nyumbani wakati wa mvua na kuondoka na daftari. Tena hujua kadi za benki za kila rangi, isijue fedha ya simu, ambayo imekuwa nasi tangu 2009 na ndiyo mfuko wa kila mtu. Watungaji wa programu wa Uganda, wako vijana hodari kati yao, wana nafasi hapa isiyogombewa: karani ambaye huandika katika simu yenyewe kwanza na kupeleka habari mtandao ukirudi, ajuaye kuipatanisha arbuni iliyoingia kwa simu na oda iliyo wazi, atumaye vifurushi kwa basi na taksi, maana ndizo posta zetu, na ambaye mwenye duka akitaka kuachana naye, humwachia daftari lake lote mkononi. Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Karani aondokaye na majina ya wateja wako alikuwa mwizi tangu siku ya kwanza, hata kama alikuwa akiandika kwa hati nzuri.

Na kwa siku ambazo mtandao umekufa kabisa, kijana wangu amezua hila yake mwenyewe, ambayo nadhani mhandisi yeyote angeivulia kofia. Kipuri chochote anachokitia katika mnada hukifunga kitambaa chekundu. Chenye kitambaa hakiuzwi mezani, hata aje mtu na fedha za kumwagika. Na kitambaa hakifunguliwi ila oda imelipwa au mnada umefungwa bila mnunuzi. Mdogo wake hahitaji kuwa na simu ili ajue. Nilimwuliza kama hakupoteza wateja wa taslimu kwa kanuni hiyo, akakiri kwamba amewapoteza wawili, na mmoja alikuwa na haraka ya kwenda Ariwara na alitaka kuongeza bei.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, mzee, kitu hiki kimekwisha kusema na mtu mwingine."

Kitambaa hicho ndicho moyo wa jambo zima nililoliandika, na programu yoyote nzuri ni kitambaa hicho kilichopewa mbio: ahadi iliyotolewa mahali pamoja ionekane mahali pote. Asiyeweza leo kuinunua programu na aanze na rangi nyeupe na kitambaa chekundu, kwa kuwa siku atakapoweza kuinunua atakuta mali yake imekwisha kujua majina yake. Na aliyekwisha kuinunua bila hivyo viwili asistaajabu ikimletea aibu kwa kasi kubwa zaidi kuliko daftari.

Jioni iliyopita nilipokuwa nikiinuka kwenda zangu, niliona karibu na mlango giaboksi ya Noah, imefungwa kitambaa, na ubavuni mwake pameandikwa kwa rangi nyeupe isiyokauka vizuri: 214. Juu ya gunia lake palikuwa na kipande cha boksi chenye jina la mji, Koboko, na chini yake namba ile ile. Nilimwuliza kijana kama mshindi ni yule bwana wa gunia na kamba. Akacheka, akasema hapana, yule hajarudi katika kundi. Ila aliyeshinda safari hii ni shemeji yake, naye ameagizwa aje atazame kwanza kabla ya kulipa.

Basi tumngoje shemeji. Kitambaa hakitafunguliwa mpaka aje.